Hatua na Mzigo: Fani ya Hamish Fulton, Msanii Atembeaye

Ni desturi ya wahakiki kusema kwamba safari humpa msanii msukumo. Msanii hutoka, huona milima na mito, hurudi nyumbani, kisha huchora au huandika yale aliyoyaona. Kwa mtazamo huo safari ni ghala, na kazi ya sanaa ni bidhaa itolewayo humo. Hamish Fulton, msanii wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1946, ameupindua mtazamo huo. Kwake yeye kutembea ndiko kazi yenyewe. Picha na maneno yanayotundikwa ukutani ni ushahidi tu wa jambo lililokwisha kufanyika mahali pengine, pasipo mtazamaji.

Msimamo huo ulikomaa njiani. Mwaka 1973 Fulton alitembea kwa miguu kutoka Duncansby Head, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, hadi Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza: maili 1,022, yaani kilomita zipatazo 1,645, kwa siku 47. Wastani wake ni kilomita 35 kwa siku. Baada ya safari hiyo alikata shauri asitengeneze tena kazi yoyote isiyotokana na safari aliyoitembea mwenyewe. Urefu hapa si pambo. Atembeaye siku moja angali na shughuli za nyumbani kichwani. Atembeaye siku 47 amekwisha kuziacha nyuma, na kilichobaki ni hatua, hali ya hewa na mahali pa kulala. Kutokana na upungufu huo ndipo ilipozaliwa fani yake.

Fani hiyo hueleweka vema ikilinganishwa na ile ya Richard Long, aliyesoma pamoja naye katika chuo cha Saint Martin's huko London. Mwaka 1967 Long alikwenda na kurudi juu ya nyasi mpaka zikalala na kufanya mstari, akaupiga picha. Mwaka 1978 alifanya duara katika mlima Mulanje nchini Malawi. Long hugusa ardhi, hupanga mawe na vijiti. Fulton hapangi wala haondoi kitu. Hutoa maandishi mafupi: jina la mahali, idadi ya siku, umbali, majira ya mwaka, pengine hali ya mwezi. Hasemi kwamba bonde lilikuwa zuri, wala hasemi kwamba alichoka. Ufupi huo ndio nguvu yake, kwa kuwa humwachia msomaji kazi ya kuzijaza siku zile. Hata hivyo, maandishi hayohayo yanapokuzwa mpaka kufunika ukuta mzima wa jumba la maonyesho, nguvu hiyo hupungua. Jambo lililosemwa kwa unyenyekevu huanza kupiga kelele, na idadi ya maili hugeuka kuwa majivuno.

Msomaji wa Kiswahili hataiona fani hiyo kuwa ngeni. Katika habari za maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na katika masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika kitabu Safari za Wasuaheli (1901), msafiri huhesabu siku, vituo na mali kwa lugha kavu, bila kuisifu nchi anayoipita. Kiswahili chenyewe kilifika Manyema kwa miguu, pamoja na misafara. Lakini ukavu wa wafanyabiashara wale una sababu nyingine: ni ukavu wa daftari la hesabu. Frasila za pembe hutajwa. Mabega yaliyozibeba hayasemi neno. Mpagazi alitembea mwendo uleule aliotembea bwana wake, tena akiwa na mzigo kichwani, wala hakuna aliyeuita mwendo wake sanaa.

Hapo ndipo lilipo swali gumu kwa Fulton. Maandishi yake hudai ukweli mmoja tu, kwamba fulani alitembea. Dai hilo hutosha kwa njia za Uingereza, ambako miguu ni ya mtu mmoja. Mwaka 2009 Fulton alifika kilele cha Everest, mlima ambao kwa kawaida wageni huupanda kwa kamba zilizofungwa na Washerpa, ambao pia hubeba mahema na mitungi ya hewa. Je, fani inayotaja mahali, siku na urefu peke yake yaweza kuieleza safari ya namna hiyo? Haiwezi. Ufupi ambao mwaka 1973 ulikuwa uaminifu, hapa unakuwa namna ya kunyamaza, kama daftari la msafara linavyonyamaza.

Fulton mwenyewe hakubaki katika upweke wa miaka ya mwanzo. Kwa muda mrefu sasa ameongoza pia matembezi ya watu wengi. Mwaka 2011, wakati Ai Weiwei, msanii wa Uchina, alipokuwa kizuizini, Fulton aliwakusanya watu katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, watembee polepole mno kwa ajili yake. Umbali ulikuwa wa hatua chache za ukumbini, wala hapakuwa na mlima wala mto. Lakini kila aliyetembea alionekana, na aliyetembelewa alitajwa kwa jina.