Uzee Uliotungwa na Vijana: "My Way" na Nyimbo za Zamani katika Karaoke

Nyimbo za Kimagharibi za miaka ya 1960 na 1970 zimepata maisha mawili. Maisha ya kwanza yalikuwa ya santuri na redio, zilipokuwa mali ya waimbaji wake mashuhuri. Maisha ya pili ni ya karaoke, ambako huimbwa na wanaume walioota mvi, mmoja baada ya mwingine, katika baa za Tokyo na Manila na katika vilabu vya Uingereza. Wahakiki wa muziki wameyadharau maisha haya ya pili. Huyaona kuwa ni kilio cha kuutamani ujana uliokwisha, na huyapima kwa ubovu wa sauti za waimbaji. Hukumu hiyo ni nyepesi, kwani inasahau kuzisoma nyimbo zenyewe. Nyingi katika zile zinazopendwa mno haziusifu ujana. Nafsineni yake ni mtu anayeyatazama maisha yaliyompita, na ajabu yake ni kwamba zilitungwa au kuimbwa kwanza na vijana ambao nyuma yao hapakuwa na mengi ya kutazama.

Mifano haiko mbali. Paul McCartney aliurekodi "Yesterday" mwezi wa Juni 1965, siku chache kabla ya kutimiza miaka 23, naye tayari anailalamikia jana kana kwamba ameshaishi karne. Tom Jones aliupeleka "Green, Green Grass of Home" kwenye kilele cha orodha ya Uingereza mwaka 1966 akiwa na miaka 26. Na maneno ya Kiingereza ya "My Way", wimbo ambao pengine ndio mfalme wa karaoke za wazee, yaliandikwa na Paul Anka alipokuwa na miaka 27 tu. Uzee uliomo ndani ya nyimbo hizi, kwa hiyo, ni uzee wa kubuni. Vijana walilikisia vazi la wazee wakalishona kwa macho. Karaoke ndipo mahali ambapo mwenye kimo cha kweli huja kulivaa, na hapo ndipo huonekana ni wapi linamkaa na ni wapi linampwaya.

Jina lenyewe la karaoke lina maana inayofaa kuzingatiwa. Ni neno la Kijapani lililoundwa kwa "kara", yaani tupu, na kipande cha neno okestra. Daisuke Inoue, aliyebuni mashine yake mjini Kobe mwaka 1971, alikuwa mpiga muziki wa kuwasindikiza wateja katika baa. Mkuu mmoja wa kampuni alitaka kufuatana naye safarini ili apate kuimba mbele ya wenziwe. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu iliyoufuata mwendo wa uimbaji wake. Asili ya chombo hiki, basi, ni huduma kwa mwanamume mtu mzima ambaye sauti yake haikuwa na sifa, lakini alikuwa na haja ya kusikilizwa. Muziki ulipunguzwa mwendo ili umngojee. Anayeipima karaoke kwa mizani ya santuri anausahau ungojaji huo, ambao ndio msingi wa fani yenyewe.

Katika utupu huo "My Way" umeingia kama mkono ndani ya mfuko. Lahani yake ni ya Kifaransa, kutoka katika "Comme d'habitude" wa mwaka 1967, ulioimbwa na Claude François aliyeutunga pamoja na Jacques Revaux na Gilles Thibaut. Maudhui ya wimbo wa Kifaransa ni mengine kabisa. Mume na mke wameishiwa mapenzi, na mume anazihesabu shughuli za siku moja: kuamka, kuvaa, kutoka, kurudi, kujifanya. Kila jambo ni kama kawaida, na ukawaida huo ndio msiba wao. Shairi hilo lina kitanda, lina kahawa, lina asubuhi ya baridi. Anka aliichukua lahani akayaacha yote hayo. Alipomwandikia Frank Sinatra, aliyeurekodi tarehe 30 Desemba 1968 akiwa na miaka 53, alitunga maneno ambayo ndani yake hamna mji, hamna jina la mwanamke, hamna kazi wala mwaka. Kuna mtu tu, na njia yake, na mwisho unaokaribia.

Kwa kipimo cha ushairi huo ni udhaifu mkubwa. Shairi lisilo na taswira mahususi hubaki tangazo. Kwa kipimo cha karaoke, hata hivyo, udhaifu huo ndio siri ya nguvu. Nyumba isiyo na samani huweza kuhamiwa na yeyote. Karani wa Osaka, baharia wa Manila na dereva wa Manchester huingia kila mmoja na vyombo vyake, na hakuna anayekuta kitanda cha mwingine. Umbo nalo linasaidia. Kila ubeti huishia kwa maneno yale yale ya anwani, mfano wa kibwagizo, kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza sawasawa huwa na mahali pa uhakika pa kufikia. Sauti huanza chini, karibu na mazungumzo ya kawaida, kisha hupandishwa daraja kwa daraja hadi mwisho. Mtu haya hupata nafasi ya kuanza bila ya kuaibika, na anapofika juu hawezi tena kurudi nyuma.

Lakini wema wa umbo hauyatakasi maudhui. Mtu anayesema katika wimbo huu amejihesabia mwenyewe na kujipasisha. Majuto anayo, lakini anayaona machache yasiyostahiki kutajwa. Sinatra mwenyewe, kwa maelezo ya binti yake Tina, hakuupenda; aliuona ni wimbo wa kujipendelea. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataelewa kwa nini. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye anayatazama yaliyopita, lakini anausemesha moyo wake kwa ukali na kuutaka uzinduke. Majumba ya Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa yamekuwa makao ya popo na buibui, na mshairi haachi mlango hata mmoja wa kujisifia. Tenzi hiyo inautazama mwisho ikauogopa, na kwa kuogopa ikasema kweli. "My Way" unautazama mwisho ukaupigia kifua.

Majivuno hayo yamehusishwa hata na damu. Mwaka 2010 gazeti la New York Times liliripoti kwamba nchini Ufilipino watu wapatao sita au zaidi walikuwa wameuawa katika mwongo uliotangulia kwa ugomvi uliozuka wimbo huu ulipokuwa ukiimbwa katika baa, na kwamba baadhi ya wenye baa waliuondoa kwenye mashine zao. Wapo waliodai kwamba maneno yake ndiyo humpandisha mtu kiburi. Wengine walieleza kwa akili zaidi kwamba wimbo unaoimbwa kuliko wote utakutikana katika kila ugomvi, hasa penye ulevi. Hata hivyo pana jambo la kujifunza. Mtu aliyechekwa kwa kukosea wimbo wa mapenzi amechekwa sauti. Aliyechekwa katikati ya "My Way" amechekwa umri wake, maana ameshasimama akatangaza kwamba haya ndiyo maisha yake.

"Green, Green Grass of Home", uliotungwa na Curly Putman wa Marekani, unaonesha kwamba nyimbo za aina hii zinaweza kuwa na akili zaidi. Sehemu kubwa ya wimbo ni tamaa tupu ya kurudi: mtu anashuka kwenye treni, anapokewa na wazazi na mpenzi, nyumba ya zamani ingalipo. Kisha lahani inasita, na mwimbaji anazungumza kwa sauti ya kawaida. Kumbe alikuwa akiota. Yeye ni mfungwa anayengojea kunyongwa, na nyasi za nyumbani atazipata kaburini. Kwa hila hiyo ndogo wimbo unajihukumu wenyewe. Unampa msikilizaji utamu wa jana, halafu unamuonesha ukuta ambao nyuma yake utamu huo uliotwa. Katika karaoke sehemu hiyo ya kuzungumza ndiyo mtihani. Asiyeweza kupanda sauti bado anaweza kusema, na mzee anayesema kwamba hatorudi nyumbani ila amebebwa hahitaji sauti nzuri ili aaminike.

Desturi ya kusema kwa kinywa cha mwingine si ngeni katika visiwa hivi. Katika taarab, shabiki huinuka kwenda kutunza, na fedha anayoitoa penye mshororo fulani huyafanya maneno ya mtunzi yawe yake. Ukumbi mzima hujua yanakwenda kwa nani. Karaoke inafanya kazi iliyo jirani na hiyo, ila tofauti moja ni kubwa. Anayetunza hujificha nyuma ya sauti nzuri ya mwimbaji. Mzee wa karaoke hana pa kujificha, kwani maneno ni ya kuazima lakini pumzi ni yake.

Hapo ndipo "My Way", pamoja na kasoro zake zote, unapopata kile ambacho Anka hakukiandika. Sinatra alifika kwenye daraja la mwisho akiwa na okestra nzima chini ya miguu yake, na ushindi ukasikika kuwa ushindi. Mwanamume wa miaka 70 anayefika hapo na sauti ikamkatikia anaimba maneno yale yale ya kujisifu, lakini kinachosikika ni mtu aliyejaribu. Majuto ambayo shairi lilikataa kuyataja yanatajwa na koo. Mhakiki anayecheka wakati huo amesikia noti iliyokosewa, na amelikosa shairi lililotimia kwa mara ya kwanza.