Nani aliujenga mji huu?

Wazee walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu hunirudia kila nisikiapo redioni wimbo mmoja wa bendi ya Marekani iitwayo Starship. Ni "We Built This City", wa mwaka 1985, maana yake: Tuliujenga mji huu. Sauti yake hushika masikio upesi, na wengi wanaupenda. Lakini, wasomaji wapenzi, tuulize: ni nani hao wasemao "tuliujenga"?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1965, katika mji wa San Francisco, Marty Balin na Paul Kantner walianzisha bendi ya roki, wakaiita Jefferson Airplane. Mwaka uliofuata akaingia Grace Slick, mwanamke mwenye sauti kali kama upanga. Hatuwasifu katika yote. Maisha yao yalikuwa na fujo nyingi, na wimbo wao "White Rabbit" wa mwaka 1967 wanukia madawa ya kulevya. Mkristu hafungi macho mbele ya hayo. Walakini walichoimba kilikuwa chao. Gitaa la Jorma Kaukonen na besi la Jack Casady vilijibizana kama watu wawili wenye akili, kila mmoja na neno lake. Mwaka 1969, katika sahani yao "Volunteers", walipinga vita vya Vietnam bila kuogopa. Na mwezi wa Desemba mwaka ule, huko Altamont, Balin alipoona mtu akipigwa mbele ya jukwaa, alishuka kumwokoa, akapigwa yeye mwenyewe hata akazimia. Mtu wa namna hiyo waweza kubishana naye, lakini huwezi kusema kwamba anaimba asichokiamini.

Miaka ikapita. Mwaka 1974 bendi ikageuka kuwa Jefferson Starship. Mwaka 1984 Kantner akatoka kwa hasira, akiona kwamba muziki umekuwa biashara tu. Wakashitakiana kwa ajili ya jina, na waliobaki wakaliacha neno Jefferson, wakajiita Starship. Kati ya wale wa mwaka 1967, sasa alibaki Grace Slick peke yake.

Ndipo ukaja wimbo wetu. Maneno yake hayakutoka katika bendi. Yaliandikwa na Bernie Taupin, Mwingereza aliyezoea kumwandikia Elton John. Taupin mwenyewe alieleza baadaye kwamba ulikuwa wimbo wa huzuni, juu ya vilabu vya Los Angeles vilivyokuwa vikifungwa, wanamuziki wakikosa pa kupigia. Watengenezaji wakaugeuza. Huzuni ikafutwa, vinanda vya umeme vikajaa kila mahali, mdundo ukaenda sawasawa kama saa ya ukutani. Kilio cha wapiga gitaa kikaimbwa pasipo nafasi ya gitaa kusema neno lake!

Na tazama jambo lingine. Wimbo unawalaumu wakubwa wa makampuni wanaouchezea muziki. Lakini katikati yake anasikika mtangazaji wa redio akiusifu mji wa San Francisco, na sauti ile ni ya Les Garland, mmoja wa wakubwa wa televisheni ya MTV. Tena vituo vingine vya redio vilitia mahali pale maneno ya miji yao wenyewe. Basi mji ule ni mji wowote. Na mji wowote si mji wa mtu.

Biashara ilifanikiwa. Siku za Jefferson Airplane hakuna wimbo wao uliopita nafasi ya 5 katika orodha ya Marekani. Starship walipata nafasi ya 1 mara tatu, kati ya mwaka 1985 na 1987. Mickey Thomas anaimba kwa nguvu, hilo hatumnyimi. Lakini Grace Slick, aliyeimba pamoja naye, alitoka mwaka 1988, na baadaye akasema waziwazi kwamba wimbo ule haupendi.

Mtu atauliza: Je, ni zambi mwanamuziki kupata feza? Hapana. Mfanya kazi apewe mshahara wake. Na kuimba maneno ya mwingine si kosa. Kwaya zetu zafanya hivyo kila Dominika. Kosa ni kusema "sisi" pasipo kuwa sisi. Esau naye alikuwa na njaa ya kweli, na dengu zile zilikuwa chakula cha kweli. Kilichopotea ni haki yake ya mzaliwa wa kwanza, na hiyo haikurudi alipokwisha kushiba.

Anayeleta wimbo mpya kwa kwaya ya parokia aulize kwanza, si kama utapendwa, bali kama sisi tunaouimba twaweza kuusema kwa moyo wetu.