Swichi Inabadilishwa, Simu Inaita

Mwezi Julai, Arusha ikiwa saa tano usiku, California ni saa saba mchana. Mmarekani anayetaka kujua kama nyumbu wameshafika Mto Mara hupiga simu saa hiyo, na hutaka ipokelewe. Saa kumi na mbili asubuhi madereva wameshawasha magari kwenda Tarangire na Ngorongoro, nao wana maswali yao. Katikati kuna upenyo mdogo, kama saa kumi alfajiri, London ikiwa bado imelala na California inafunga ofisi. Fundi wa mtandao huingia kwenye upenyo huo na bisibisi yake.

Kazi yake ni kubadilisha swichi, kile kisanduku chenye safu za matundu na taa za kijani ambacho kebo zote za ofisi huishia. Simu ya mezani ya siku hizi haina waya wa peke yake kwenda nguzoni. Sauti hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kwa kawaida 50 kila sekunde, vikapita kwenye mtandao uleule wa kompyuta. Kikipotea kimoja, sikio halitambui. Zikipotea sekunde mbili, mtu anaanza "haloo, haloo". Ndiyo maana ofisi yenye uwezo huweka kila kitu viwili: seva mbili za simu, swichi kuu mbili, njia mbili za kutokea nje. Muuzaji humwambia bosi kwamba kimoja kikifa kingine kitashika.

Fundi ninayemsifu haamini maneno hayo. Kabla ya kulegeza skrubu hufuata kila kebo kwa mkono, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mchoro ulioachwa na aliyemtangulia huonyesha kilichokusudiwa tu. Mara nyingine hukuta kebo mbili za seva moja zimechomekwa kwenye swichi ileile. Mara nyingine hugundua kwamba seva mbili hupeana habari kupitia swichi anayotaka kuing'oa. Akiing'oa, kila seva itadhani mwenzake amekufa, na zote mbili zitajitangaza kuwa kuu.

Kisha kuna suala la uongozi, ambalo wengi hulisahau. Swichi zikiunganishwa kwa mzunguko, lazima njia moja ifungwe, la sivyo pakiti zitazunguka bila kikomo na kuuzima mtandao mzima. Swichi zenyewe huchagua kiongozi wa kupanga njia ipi ifungwe. Kama hakuna aliyeandika nani aongoze, hushinda yenye namba ndogo zaidi ya kiwandani, na mara nyingi namba hiyo ni ya swichi kongwe kuliko zote, ileile inayotolewa leo. Ikiondoka, uchaguzi unaanza upya. Kwa utaratibu wa zamani, tundu huchukua sekunde 30 kabla ya kuanza kupitisha kitu. Fundi makini huteua kiongozi siku kadhaa kabla.

Baada ya hapo kazi huenda taratibu. Huanza na upande wa akiba: anautoa, anaweka mpya, anapiga simu za majaribio, anasubiri. Ndipo huhamisha mazungumzo huko na kuugusa upande wa pili. Wakulima wa miteremko ya Meru wanaujua mpangilio huu: huzibi mfereji kabla maji hayajapata mwingine.

Uungwana wa ufundi huu uko kwenye jambo moja lisilopendwa. Simu iliyo mezani ina kebo moja tu, na umeme wake hupitia humohumo. Swichi yake ikitolewa, simu hiyo itazima, kisha itachukua dakika kadhaa kuwaka na kujiandikisha tena. Hapo hakuna ujanja. Fundi mwongo huahidi kwamba hakuna kitakachokatika. Mkweli humwambia bosi mapema kwamba simu ya mapokezi italala kidogo, akaelekeza namba yake kwenye simu ya mkononi ya mlinzi au mhudumu wa zamu. Pia huwa ameshapiga hesabu ya wati: swichi yenye matundu 48 si lazima iweze kuyalisha yote kwa pamoja.

Mji huu wa Arusha, wenye Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na ofisi za utalii zisizohesabika, huishi kwa kupigiwa simu kutoka mbali. Vumbi laini la kiangazi huziba feni za mitambo, na umeme ukikatika na kurudi ghafla huchosha vifaa kabla ya wakati wake. Swichi zitaendelea kubadilishwa.

Wewe mwenye ofisi, muulize fundi wako ni lini mara ya mwisho alipochomoa kifaa kikuu kwa makusudi, simu zikiwa zinaita. Kama hajawahi, umelipia vifaa viwili na unacho kimoja. Mpe usiku mmoja wa Aprili au Mei, masika yakiwa yamepunguza wageni, ajaribu. Na umlipe kwa huo usiku.