Turbo Hufia Mlimani: Oili na Filta za Gari la Kirungu

Kutoka Moba-Port hadi Kirungu si mbali, ila ni mlima mtupu. Gari linaondoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo, kwenye meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, limeshiba magunia na watu. Linapanda kwa gia ndogo, linaguna, na mlima unapokwisha ndipo abiria wanaposhukia. Dereva anafika, anazima papo hapo, anaruka chini kudai nauli. Kwa maoni yangu turbo nyingi za huku zinauawa katika sekunde hizo, si njiani. Ndiyo maana anayeuliza "niweke oili gani?" hawezi kujibiwa kwa lebo ya dumu peke yake. Inabidi tutazame mlima, vumbi, na dizeli tunayonunua kwa Kadhafi, yaani wachuuzi wa mafuta wa kando ya njia.

Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza ya turbo. Feni hiyo imeungwa kwa shafti fupi na feni ya pili, ambayo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na tangu zamani turbo imekuwa chombo cha milimani: mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya Pikes Peak, Marekani, karibu meta 4,300, ili aonyeshe kwamba turbo inarudisha nguvu zinazopotea kwa uhaba wa hewa. Kwetu hesabu ni hii. Ufukweni mwa Tanganyika shinikizo la hewa ni kama asilimia 91 ya lile la Dar es Salaam. Ukienda Pepa, juu ya Marungu, kwenye meta 2,000, linashuka hadi asilimia 78. Injini isiyo na turbo inachoka na dereva anahisi. Yenye turbo inaficha upungufu kwa kuzungusha feni kwa kasi zaidi, na deni hilo linalipwa na oili.

Shafti ya turbo inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi za magari haikai kwenye beringi za gololi; inaelea juu ya utando wa oili ndani ya bushi, penye nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Upande mmoja wa shafti kuna moshi wa nyuzi 600 na zaidi gari likiwa mlimani. Kwa hiyo oili ina kazi mbili, kuzuia chuma kisiguse chuma na kubeba joto kulirudisha karteri. Ukizima injini, pampu inasimama ila joto halisimami. Linatoka kwenye nyumba ya feni ya moshi, linatambaa kwenye shafti, na oili iliyobaki mle inaungua na kuwa masizi magumu. Kesho yake masizi hayo ni msasa.

Vitabu vya Toyota vya gari za dizeli zenye turbo vinaeleza jambo hili kwa uwazi: baada ya mwendo wa kawaida wa mjini hakuna haja ya kungoja, baada ya kilomita 80 kwa saa ngoja kama sekunde 20, baada ya mlima mkali acha injini iungurume ralanti dakika 2 hivi kabla ya kuzima. Dakika 2 ni muda wa kushusha magunia matatu. Hakuna oili ya bei yoyote inayoweza kuchukua nafasi yake.

Kuna wanaodhani oili ikiwa nzito zaidi ndiyo kinga zaidi, na ziwa letu lina kisa kinachoweza kuwapoteza. Mwezi wa 7 mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, mafundi waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na tangu 1927 meli hiyo imeitwa Liemba. Safi sana, lakini ile grisi ililinda mashine iliyolala. Turbo hailali. Inataka oili inayofika haraka, inayopita, inayobeba joto na kuondoka.

Namba kwenye dumu zinasemaje basi? Chukua 15W-40. Ile 15W inahusu baridi, yaani jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa haijapata moto. Ile 40 inahusu nyuzi 100, ambapo mnato wake lazima uwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoku. Kipimo kinachogusa turbo hasa hakiandikwi mbele ya dumu. Ni mnato wa oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inasagwa kwa kasi kubwa. Kanuni za SAE zinaidai 15W-40 isiwe chini ya 3.7, huku 5W-30 ikiruhusiwa hadi 2.9. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya robo, na inaonekana mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye bushi ya turbo katikati ya mlima. Kwa Prado au Hilux yenye injini ya 1KD-FTV, lita 3.0, gari ambalo kila mtu huku analijua, nachagua 15W-40 bila kusita. 5W-30 ilipendekezwa kwa ajili ya asubuhi za theluji na kubana mafuta, na sisi theluji hatuna.

Nasimama hapo, sipandi hadi 20W-50 wala SAE 50 tupu. Asubuhi ya mwezi wa 7 Kirungu kuna baridi ya kuvaa koti. Oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo, na tena inafungua mlango wa dharura wa filta, ambao nitaueleza baadaye.

Herufi za API zinapotosha watu wengi zaidi. S ni ya esansi, C ni ya dizeli; hilo linajulikana. Kisha watu wanahesabu alfabeti: CF-4 ni ya mwaka 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, CK-4 ya 2016, basi ya mwisho ndiyo bora. Kwa injini iliyotengenezwa kwa dizeli safi, sawa. Ila CJ-4 na CK-4 ziliwekewa mpaka wa majivu ili zisizibe vichujio vya masizi kwenye ekzosi, na mpaka huo unapunguza pia akiba ya dawa inayoua asidi. Asidi inatoka wapi? Kwenye salfa ya dizeli. CH-4 na CI-4 zilitungwa zikitarajia dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5, sawa na sehemu 5,000 kwa milioni. CJ-4 ilitungwa kwa dizeli ya sehemu 15, na mwisho wake ni 500.

Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilishusha kiwango cha dizeli hadi sehemu 50 kuanzia Januari 2015, na sisi Wakongomani tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini bidoni la Kadhafi halina cheti. Dizeli inayofika Moba imepita meli, pipa, mpira wa kunyonyea, na mikono ya watu wengi. Kwa gari la namna hii CI-4 ya miaka ya nyuma inashinda CK-4 ya juzi, tena mara nyingi ina bei nafuu. Isipokuwa gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kama Hiace na Dyna za karibuni zinazotoka Japani. Hapo maneno yote yanageuka: tafuta oili ya kiwango cha Kijapani, JASO DL-1 kwa gari dogo au DH-2 kwa lori, maana majivu ya CI-4 yatakiziba kichujio hicho.

Sasa filta, ambako ningependa pesa yako iende kwanza. Filta ya oili si karatasi tu ndani ya kopo. Ina vali ya kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na ina ule mlango wa dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, shinikizo linausukuma mlango na oili inapita bila kuchujwa. Watengenezaji wamekusudia hivyo, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko ukavu. Ila bushi ya turbo haijui nia ya mtengenezaji. Uchunguzi wa General Motors uliochapishwa 1988 ulionyesha kwamba kutoka filta ya mikroni 40 kwenda ya mikroni 15, kulika kwa injini kulipungua kwa asilimia 70. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni ya mikroni 20", muulize inakamata asilimia ngapi za hizo mikroni 20. Inayokamata nusu na inayokamata 99 zote zinaweza kuandikwa 20 kwenye boksi.

Filta za bandia zimejaa masokoni, na rangi ya boksi haisaidii. Kinachosaidia ni kuifungua iliyotumika. Usitumie msumeno, utaijaza vumbi la chuma na kujidanganya. Ikate ukingoni kwa patasi au mkasi wa bati. Kunjua karatasi mezani. Filta halisi ina mikunjo mingi iliyopangana, gundi imeshika ncha zote. Ya bandia ina mikunjo michache, imelala upande mmoja, wakati mwingine ncha ya karatasi haikugundishwa kabisa na oili ilikuwa inapita pembeni. Kisha pitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma cha injini. Vinavyong'aa kwa rangi ya dhahabu na sumaku haivitaki ni shaba nyeusi ya bushi, na turbo ni mshukiwa wa kwanza.

Oili yenyewe ina vipimo viwili vya bure. Chovya kijiti cha oili, dondosha tone moja kwenye karatasi inayonyonya, iache hadi kesho. Weusi ukisambaa polepole hadi pembeni, dawa ya kusafisha ingalipo. Ukibaki doa dogo jeusi katikati lenye ukingo mkali, oili imechoka hata kama kilomita hazijatimia. Duara la maji maji nje ya doa ni dizeli iliyoingia. Kipimo cha pili kinataka mbabula: weka bati juu ya makaa lipate moto, dondosha tone. Likipasuka-pasuka kwa sauti, kuna maji ndani. Hicho kifanye pia kwa oili mpya inayochotwa kwenye pipa lililo wazi.

Filta ya hewa inauawa kwa huruma. Kiangazi, kuanzia mwezi wa 6, vumbi jekundu linatanda barabara nzima, na kila jioni mtu anaitoa filta na kuipuliza kwa kompresa ya fundi wa matairi. Karatasi inatoboka vitundu visivyoonekana. Filta yenye vumbi kiasi inachuja vizuri zaidi kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililoshika linasaidia kuzuia linalokuja. Iache. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira ulio kati ya filta na turbo: kikitoka chekundu, filta au kibano chake kinavuja, na mchanga unakula feni ya turbo kisha unaishia kwenye oili.

Kuhusu muda, fundi atakuambia kilomita 5,000. Zigawe kwa mwendo wetu. Kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, hizo ni saa 250 za kazi, muda uleule ambao jenereta nyingi za dizeli hubadilishiwa oili. Dereva wa lami kwenye kilomita 70 angekuwa amefika 17,500 kwa saa hizohizo. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Ulaya anamaliza 15,000, kwa saa za kazi hajakuzidi. Huku 5,000 ndiyo mwisho.

Nimeiacha 1KD hadi sasa kwa sababu ina ugonjwa ambao oili imesingiziwa sana. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba. Ikivuja, moshi wa silinda unapenya hadi kwenye oili na kuijaza masizi, ambayo yanashuka karteri na kuziba chujio la waya kwenye mdomo wa pampu. Shinikizo linaanguka, turbo inakauka kwanza, injini inafuata. Jambo hili limeandikwa sana Australia, ambako Prado hizi ni nyingi. Fundi anaweka turbo nyingine, hafungui karteri, hasafishi ule mrija mwembamba wa kupeleka oili, au anaupaka silikoni ambayo kipande chake kinauziba. Turbo ya pili inakufa, na lawama zinapelekwa kwa oili. Anayenunua 1KD iliyotumika adai washa mpya za injekta na karteri ifunguliwe kabla ya kulipa.

Magari mengi ya mashirika ya misaada katika mashariki ya Kongo ni Land Cruiser HZJ78 na HZJ79, yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, bila turbo. Wana pesa za kununua turbo, ila wamechagua injini inayovumilia dizeli mbaya na fundi wa mbali. Kwa hiyo kama huwezi kupata filta halisi na CI-4 iliyofungwa kila kilomita 5,000, usihangaike na turbo. Nunua 1HZ, upande Kirungu polepole.