Kumsifu Mpiga Kanuni

Sifa za taarabu humwendea kwanza mwimbaji. Ndiye anayesimama mbele, ndiye anayetunzwa, na maneno yake ndiyo tunayorudi nayo nyumbani. Leo namsifu aliyeketi nyuma yake: mpiga kanuni.

Wanataarabu husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza ala hii. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kimeilea hadi zama zetu. Kanuni ni sanduku bapa la mbao lenye nyuzi zaidi ya sabini. Mpigaji huilaza mapajani, akavaa pete kwenye vidole vya shahada, na ndani ya kila pete akachomeka ukucha wa kudonolea. Karibu kila sauti ina nyuzi tatu, na zote tatu lazima zilie kama uzi mmoja.

Uzito wa sharti hilo niliuona Ngome Kongwe, Februari moja, kwenye tamasha la Sauti za Busara. Kaskazi ilikuwa imeleta joto kali, na mafundi mitambo walikuwa bado wanatandaza nyaya jukwaani. Kwenye kivuli cha ukuta nikamwona fundi wa kanuni ambaye nimekuwa nikimsikiliza redioni tangu utotoni.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kitako.”

Hakuacha kazi. Alikaza uzi wa kwanza kwa ufunguo mdogo, akautegea sikio. Akauleta wa pili ulingane nao, kisha wa tatu. Alipozipiga zote pamoja na sauti ikatoka moja, safi, ndipo akahamia kwenye nyuzi zinazofuata. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, kwa sababu joto lilikuwa limekwisha kuzilegeza. Nikamuuliza kama hachoki.

“Mwimbaji ataiegemea sauti hii,” akasema. “Nikimpa mbovu, nimemwangusha mbele za watu.”

Usiku ule niliyaelewa maneno yake. Bashrafu, ule muziki wa ala wa kufungulia, ilipokwisha na mwimbaji akaanza, maalim alipunguza mkono. Kila ubeti ulipovuta pumzi aliujibu kwa mapigo machache, kisha akanyamaza ili neno linalofuata lipate nafasi. Mkono wa kushoto uliruka mara kwa mara kwenye vitufe vidogo vya chuma vilivyo kando ya nyuzi, kuipandisha au kuishusha sauti kidogo. Maqam, yaani ngazi za sauti, kama Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya vibao vya piano. Bila vitufe hivyo, na bila sikio la kuviongoza, utamu wake haupatikani.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kujua mengi na kutoa yanayotosha. Mtu aliyefunza vidole vyake kwa miaka anaweza kuujaza ukumbi peke yake, naye akachagua kumbeba mwenzake. Adabu hiyo haisomwi kitabuni. Hupatikana kwa kukaa karibu na wanaojua, na ndiyo maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinachofundisha kanuni pale Unguja kinastahili wanafunzi na msaada wetu.

Basi ukienda taarabuni, wahi mapema, uzisikie nyuzi zikilinganishwa. Na ukiinuka kutunza, usiishie kwa mwimbaji. Pita na kwa aliyeketi nyuma yake.