Kabla ya Kulipia Tangazo

Kabla hajafungua kompyuta yake, fundi alitoa mfukoni simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka pembeni, akazima Wi-Fi na kubaki na bando lake. Akaingia kwenye tovuti ya nyumba ya wageni tuliyofikia, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na moja skrini ilikuwa bado nyeupe. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, akainamisha uso kama mtu aliyepata wageni kabla hajafagia sebule.

"Aliyenitengenezea alinionyesha ofisini kwake, ikafunguka papo hapo," alisema.

"Ofisini kwake sawa, mama. Lakini mgeni wako hatafutii chumba ofisini kwake."

Mama alikuwa ametenga fedha za matangazo ya mtandaoni. Msimu wa papa potwe ulikuwa unakaribia, ile miezi kuanzia Oktoba ambapo samaki hao, wakubwa kuliko samaki wote duniani, husogea karibu na ufukwe wa Kilindoni, na wageni wa nchi za mbali huja kuogelea nao. Alitaka tangazo lirushwe wiki ileile. Fundi akamwomba siku kumi, na asitoe hata shilingi mpaka ziishe. Mimi sikuwa na kazi nyingine, nikavuta kiti.

Alianza na picha. Ile ya ukurasa wa mbele, papa potwe akipita chini ya mtumbwi, ilikuwa imepandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera: megabaiti sita, upana wa pikseli zaidi ya elfu tano. Simu ya mgeni hulazimika kuishusha yote, bando likiliwa, kisha iibane ienee kwenye kioo cha upana wa kiganja. Fundi aliipunguza upana, akaigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha ambayo Google iliitoa mwaka 2010, halafu akawa anaushusha ubora wake hatua kwa hatua. Kila hatua aliikuza picha na kuutazama mgongo wa samaki. Watafiti humtambua kila papa potwe kwa mpangilio wa madoa yake, na fundi aliyafanya madoa hayohayo kuwa mizani yake. Yalipoanza kufifia, akarudi nyuma hatua moja na kuhifadhi. Faili lilikuwa limeshuka chini ya kilobaiti mia moja na hamsini, na samaki alikuwa yuleyule.

Zilikuwa picha arubaini na mbili. Zote alizifanyia hivyo, moja baada ya nyingine, na kila moja akaiandikia vipimo vya upana na urefu ndani ya msimbo wa ukurasa. Nilimuuliza vipimo vya nini, wakati picha inaonekana bila hivyo. Akanifungulia ukurasa wa zamani, akaniambia nibonyeze neno "Bei". Nilipopeleka kidole, picha iliyochelewa ikatokea juu, maandishi yote yakaporomoka, nikajikuta nimebonyeza kitu kingine. Kivinjari kisipoambiwa ukubwa wa picha hakiitengei nafasi yake, na picha inapofika hujipenyeza kwa kuwasukuma wenzake. Tangu mwaka 2020 Google ina kipimo cha mruko huo, na alama nzuri ni 0.1 au chini yake. Kuna viwili vingine vinavyoandamana nacho: kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Fundi anavijua kwa moyo, ila kipimo anachokiamini zaidi ni ile simu yenye ufa.

Siku ya tatu alihamia kwenye maneno, na hapo nilimwona akifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwomba mama ruhusa ya kusoma ujumbe wa wageni kwenye WhatsApp, wa msimu mzima uliopita. Wakakaa barazani, mama akisoma, yeye akiandika daftarini. Tunafikaje, kwa ndege au kwa boti kutoka Nyamisati? Papa potwe huonekana miezi gani? Bei ni pamoja na kifungua kinywa? Naweza kulipa kwa simu? Maswali yalijirudia mpaka mama akaanza kucheka, maana majibu yake yote alikuwa anayaandika upya kila siku, usiku wa manane wakati mwingine, na tovuti yake haikuwa na hata jibu moja. Ilikuwa na salamu ndefu za ukaribisho na sifa za machweo ya jua.

Jina la ukurasa wa mbele, lile linalotokea kwenye majibu ya Google kabla mtu hajabonyeza chochote, lilikuwa neno moja la Kiingereza, "Home". Fundi alilitazama kwa huruma. Mtu aliye Munich anayetafuta mahali pa kuona papa potwe mwezi wa Novemba atalijuaje neno hilo kuwa ni Mafia? Akalifuta, akaandika jina linalotaja nyumba ya wageni, Kilindoni, Mafia, papa potwe. Akalikata, akalisoma kwa sauti, akalikata tena, kwa sababu Google huonyesha herufi zipatazo sitini tu na kinachozidi humezwa. Maneno kama tisa hivi, nayo yalimla asubuhi nzima.

Namba ya simu aliikuta imechorwa ndani ya picha, kwa mwandiko wa madaha. Haibonyezeki, hainakiliki, na Google haiwezi kuitegemea kama maandishi. Akaiandika upya kama namba, ukiigusa simu inapiga. Maandishi ya kijivu juu ya weupe akayakoleza mpaka yakavuka uwiano wa 4.5 kwa 1, kiwango kinachopendekezwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Kisha akatoka na simu mpaka ufukweni saa saba mchana kuhakikisha yanasomeka juani. Katika kurasa za Kiswahili, alizoziongeza kwa ajili ya wageni wa Dar es Salaam, akaweka herufi mbili ambazo msomaji hataziona kamwe: sw. Ndizo humwambia msomaji-skrini, programu inayowasomea wasioona, kwamba hiki ni Kiswahili. Akanisikilizisha ukurasa uleule bila herufi hizo, na sauti ya Kizungu ikalitamka neno "chakula" kwa namna ambayo mama alifikiri ni jina la mtu.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa kazi ya siku ya saba. Kurasa za zamani zilikuwa na anwani ndefu zilizojaa namba, naye alizifupisha. Fundi mwingine angeishia hapo. Yeye alitengeneza orodha ya kila anwani ya zamani na kuandika mkabala wake anwani mpya, kisha akaielekeza seva ijibu kwa namba 301, yaani ukurasa umehama jumla, ufuate huku. Bila hivyo, msafiri aliyeihifadhi anwani miaka mitatu iliyopita angekutana na 404, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti akiwa CERN, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. CERN yenyewe mwaka 2013 iliirudisha tovuti ya kwanza duniani kwenye anwani yake ya mwanzo. Ukiifungua leo utakuta maandishi matupu na viungo vyake. Simu yenye ufa iliifungua kabla fundi hajatamka "moja".

Upande wa pili wa Mafia, kisiwani Chole, mafundi wa vyombo bado wanaunda majahazi. Abiria husifu tanga na nakshi, na hakuna anayesifu kalafati, pamba iliyokandamizwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Anayeijali ni aliyewahi kukumbwa na maji katikati ya safari. Kazi niliyoitazama siku zile ilikuwa ya jinsi hiyo. Baada ya siku tisa tovuti ilikuwa na sura karibu ileile, na jirani wa mama alipoonyeshwa aliuliza fundi amefanya nini hasa.

Jioni ya siku ya kumi mama alitandika mkeka, akaleta chai, akasema, "Haya mwanangu, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama sasa ni nzuri, tangazo la nini?"

Fundi alikubali nusu. Kizuri chajiuza kikiwa sokoni, alisema, na sisi tuko kisiwani. Tangazo ni boti ya kumleta mteja. Lakini nauli ya boti hiyo haiko sawa kwa wote. Google, inapoamua tangazo la nani litokee na kwa bei gani, huangalia pia ukurasa ambao mtu atafikishwa: kama unajibu alichokitafuta, kama unatumika vizuri kwenye simu. Mwenye ukurasa mbovu huweza kulipa zaidi kwa mgeni yuleyule, na mgeni mwenyewe akifika hugeuza. "Wiki ile ungetangaza, mama, ungelipa nauli ya watu wa kuja kutazama skrini nyeupe."

Tangazo lilirushwa kesho yake, kwa nusu ya fedha zilizotengwa. Sitadai kwamba nyumba ilifurika, sikukaa kuhesabu. Nilikuwapo barazani siku mbili baadaye ujumbe wa kwanza ulipoingia. Mama alivaa miwani, akausoma, akaugeuza na kuusoma tena, kisha akampa fundi simu bila kusema neno. Mtu huyo hakuuliza Mafia iko wapi, wala boti, wala bei, wala kifungua kinywa. Aliuliza kama tarehe 12 Novemba kuna chumba cha watu wawili.

Fundi alitabasamu, akamrudishia. Kisha akatoa simu yake yenye ufa, akazima Wi-Fi, akaanza tena kuhesabu.