Orkestra za Ujana Wetu: Tuzipime Namna Gani?



Ukitaka kujua umri wa mtu, usimwulize mwaka wa kuzaliwa. Mwulize ni orkestra gani iliyozishinda zote. Mzee wa miaka themanini na zaidi atakujibu: African Jazz, au OK Jazz. Mtoto wake atataja Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwezi wa Desemba 1969. Kaka zetu wakubwa watataja Wenge Musica, na sisi wa rika langu tuna majina yetu. Halafu kila mmoja ataongeza neno lile lile: baada ya hapo, muziki ulikufa. Kumbe muziki wa Kongo umekufa mara nyingi, na kila mara umefufuka katika masikio ya vijana waliokuja nyuma!

Maneno hayo twayasikia kwenye arusi, kwenye kilio usiku, hata chini ya mwembe wa parokia baada ya Misa. Mmoja atauliza: jambo hili si la baa? Lafaa nini katika gazeti la wakristu? Nasema lafaa. Kwanza, tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo imeandikwa na UNESCO katika hesabu ya urithi wa wanadamu wote, na wale walioisikia ikizaliwa wanazidi kupungua. Ushahidi wao ni mali. Wakiutumia wote katika kujisifu na kutukana, sisi tutarithi nini? Pili, mtu apimaye wimbo bila haki anajizoeza kupima watu bila haki. Kijana akisikia kila siku kwamba anachokipenda ni takataka, mwisho atafunga masikio, hata kwa maneno mema ya mzee.

Basi tuchukue ugomvi ulio wa zamani kuliko mingine, ule wa African Jazz na OK Jazz, tuuangalie vizuri.

African Jazz iliundwa mwaka 1953 huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé. Alizaliwa Matadi mwaka 1930, katika jamaa moja na Kardinali Malula. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyelelewa vizuri; haikusukuma wala haikupiga kelele. Kando yake alisimama Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, na gita lake lilisema kila neno wazi, kama mtoto asomaye bila kukosea. Ndugu yake Dechaud alishika gita la kumsindikiza. Baadaye, mwaka 1959, akaja Tabu Ley, ndiye Rochereau. Muziki wao ulipenda mitindo ya Cuba, na kila sauti ilijua zamu yake.

OK Jazz ilizaliwa Juni 1956, ikichukua jina la baa moja ya mji ule, OK Bar. Franco Luambo Makiadi alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na minane. Gita lake halikufanana na lile la Nico. Nico alichora mstari mwembamba, mrefu. Franco alirudia neno moja fupi, akalivuta kwa kidole gumba, akalirudia tena, mpaka miguu ya watu ikashindwa kukaa chini. Namna hiyo ya rumba waliiita odemba. Na nyimbo zake zilikuwa za uwanja wa nyumba: mume na mke, deni, wivu, mkwe mwenye maneno mengi.

Hizo ndizo orkestra mbili. Sasa tutazame makosa ambayo wapenzi wao huyafanya wanapozilinganisha.

Kosa la kwanza ni kupima ujana mahali pa kupima wimbo. Mzee anaposema kwamba wimbo fulani hauna mfano, mara nyingi anakumbuka suruali yake mpya, mshahara wake wa kwanza, na binti aliyecheza naye ambaye leo ni nyanya wa watu kumi. Hayo ni mema, tusiyacheke. Lakini si muziki. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anajichunguza juu ya jambo la namna hii: anaogopa kuguswa na uimbaji kuliko kitu kinachoimbwa. Alikuwa akisema juu ya zaburi kanisani, lakini swali lake latufaa na sisi. Kinachonigusa ni nini? Ni sauti? Ni maneno? Au ni kumbukumbu yangu tu? Ukitaka kujua, mwekee wimbo ule mtu asiyekuwako siku zile. Kama naye ananyamaza na kusikiliza, wimbo una nguvu yake wenyewe. Kama anatazama saa, huenda nguvu ilikuwa katika ujana wako.

Kosa la pili ni kusahau vyombo. Wazee husema: zamani nyimbo zilikuwa fupi, safi, bila maneno ya bure, leo zina urefu usio na mwisho. Ni kweli zilikuwa fupi, lakini tuulize sababu. Sahani za kwanza zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Mwimbaji alipenda asipende, ilimbidi aseme neno lake na kunyamaza. Zikaja sahani ndogo za 45. Hapo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Zilipoenea sahani kubwa za 33, Franco alipata nafasi ya kusimulia kisa chote. Wimbo wake Mario wa mwaka 1985, juu ya kijana anayelishwa na mama mwenye umri mkubwa, wapita dakika kumi. Katika dakika tatu kisa kile kisingeenea. Basi ufupi wa zamani haukuwa fadhila tu, na urefu wa baadaye haukuwa uvivu tu. Mwenye kulinganisha wimbo wa 1955 na wimbo wa 1985 bila kuangalia sahani yenyewe ni kama mtu anayemlaumu mwenye kibuyu kwamba hakuteka maji mengi kama mwenye pipa.

Kosa la tatu ni kusema kwamba nyimbo za zamani zote zilikuwa na adabu. Hapo historia yenyewe yajibu. Mwaka 1978 Franco alitiwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Sisemi hivyo ili kumchafua marehemu. Mtu yule yule, mwaka 1987, alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu wote juu ya ugonjwa wa ukimwi, wakati ambapo wengi waliona haya hata kulitaja jina lake. Mtu mmoja, kinywa kimoja. Anayetaka kumfanya mtakatifu atazikuta zile nyimbo za 1978. Anayetaka kumtupa atalikuta lile onyo la 1987. Mkristu apime kila wimbo kwa maneno yake, wala asiuhukumu kwa tarehe yake. Uchafu wa jana haukuwa safi kwa kuwa sisi tulikuwa vijana.

Kosa la nne lapita yote: kujenga ukuta mahali ambapo wanamuziki wenyewe walifungua mlango. Mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara huko Bruxelles, Kabasele na wenzake walipiga Indépendance Cha Cha. Ni wimbo unaotajwa kuliko nyimbo zote za African Jazz. Hata nje ya Kongo watu wauhesabu kama wimbo wa uhuru wa Afrika. Lakini mtazame waliokuwa katika kundi lile la Bruxelles. Humo mlikuwa na Vicky Longomba na Brazzos, wote wawili watu wa OK Jazz! Basi yule mzee anayeunyosha wimbo ule kama fimbo ya kuwapigia wapenzi wa OK Jazz, ameshika fimbo ambayo OK Jazz ilisaidia kuichonga. Na mwaka 1983 Franco na Tabu Ley, wakuu wa shule hizo mbili, waliimba pamoja katika sahani moja. Washindani walikutana, wapenzi wao wamebaki wakigombana.

Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo tulivyo. Wala tusidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997, watu waliokuwa wamecheza pamoja nyimbo zile zile waligeuka maadui. Hawa walikuwa wa JB Mpiana, wale wa Werrason. Jana kila mmoja alizisifu sauti zote. Leo akazikana nusu. Je, sauti zilizonaswa katika Pleins feux mwaka 1996 zilibadilika kwa sababu wenye sauti walitengana? Sahani ilikuwa ile ile. Mwezi wa Juni 2022 wakubwa hao wakapanda tena jukwaa moja, katika Uwanja wa Mashujaa wa Kinshasa. Miaka ishirini na mitano ya matusi ya wapenzi haikuongeza hata noti moja katika muziki ule.

Kuna na kosa la tano, dogo machoni, lakini sisi wa Katanga latuhusu. Tunapogombana juu ya orkestra kubwa za Kinshasa, twawasahau wale ambao hawakuwa na orkestra. Jean Bosco Mwenda alinaswa na Hugh Tracey huko Jadotville, ndiyo Likasi, mwaka 1952, mwaka mmoja kabla ya African Jazz kuundwa. Gita moja, mtu mmoja, na wimbo wake Masanga wasomwa mpaka leo na wapiga gita wa nchi za mbali. Na huko Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na watoto na walimu wa shule yake, waliimba Missa Luba, nayo ikazunguka dunia katika sahani. Nimewasikia wazee wengi wakilinganisha cha-cha na bolero. Nimesikia wachache mno wakitaja Kamina. Kumbe kumbukumbu yetu nayo yafuata kipaza sauti kilicho kikubwa.

Msomaji ataniuliza: baada ya maneno hayo yote, wewe wasema nini? Ni orkestra gani iliyoshinda? Sitaki kukimbia swali. Kwa uzuri wa sauti na mpangilio, naiweka mbele African Jazz. Nimezisikiliza sahani zake bila kumbukumbu yoyote ya ujana, maana baba yangu mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa, nazo zanyamazisha nyumba. Tena ilikuwa shule: humo walitoka Nico na Rochereau, walioiacha mwaka 1963 na kuunda African Fiesta. Lakini kwa kueleza maisha ya watu, na kwa kudumu katika kazi, OK Jazz yapita. Tangu 1956 mpaka kifo cha Franco mwaka 1989 ni miaka thelathini na mitatu. Orkestra ilibadili waimbaji, ikabadili sahani, ikazidi kukua. Humo Simaro Lutumba aliandika Mabele, mwaka 1974, na kuonyesha kwamba wimbo wa dansi waweza kubeba mawazo mazito juu ya udongo na kifo. Kama ningelazimishwa kuokoa sanduku moja tu katika moto, ningechukua lile la OK Jazz, nikililia lile la African Jazz. Anayeona vingine, alete sababu zake. Alete sababu, nasema, asilete umri wake.

Mhubiri, katika Biblia, sura ya saba, atuonya tusiulize kwa nini siku za kwanza zilikuwa njema kuliko za leo. Asema swali hilo halitoki katika hekima. Hakatazi kukumbuka. Akataza kukumbuka kwa dharau.

Kwa hiyo nawaomba wazee wetu jambo moja. Mkikaa na vijana, msiwaambie tu kwamba zamani ilikuwa bora. Waambieni nani alipiga gita, mwaka gani, upande gani wa sahani, na mbona sauti ya pili yaingia pale. Andikeni majina nyuma ya mifuko ya sahani kabla mchwa haujaila. Nanyi vijana, ulizeni, na mkae kimya mpaka wimbo uishe.

Na tukumbuke haya hata kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mafundisho yake ya 1963 juu ya Liturujia, ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima na mahali pake katika ibada. Lakini katika parokia zetu, kwaya ya wakubwa yaicheka kwaya ya vijana kwa ajili ya gita, na vijana wawacheka wakubwa kwa ajili ya nyimbo za taratibu. Ni ugomvi ule ule wa African Jazz na OK Jazz, umevaa kanzu. Dominika ijayo, wimbo usioupenda utakapoanza, sikiliza maneno yake na sauti zake mpaka mwisho. Halafu, ukiwa na la kusema, mwendee mwalimu wa kwaya ulimwambie kwa upole.